Podikasti Inalipa, Ila Ongea na Mwenzio Kwanza

Mwezi huu nawageukia nyie wa Masasi na Newala, hasa wewe mwenye kazi ya mshahara ambaye usiku, mwenzio akishalala, unahariri sauti kwenye simu na kuota kujiajiri kwa podikasti.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazogombanisha watu ndani. Wengi wanadhani ukishaweka vipindi Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, matangazo yatajileta. Hayaji, si kwa wasikilizaji mia mbili. Kinacholipa ni ufundi wako: kurekodi na kuhariri kwa ajili ya wengine. Na huko kwenu pa kubisha hodi papo. Korosho zinauzwa kwa mnada kupitia ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala, na kila msimu mkulima ana maswali yaleyale: bei ya leo ngapi, makato ya nini, malipo yanaingia lini? Kipindi cha dakika kumi kinachojibu hayo kwa lugha ya kibarazani, kapige nacho hodi kwenye AMCOS, kwa muuza pembejeo, hata benki. Kisambaze kwa WhatsApp pia. Dakika 30 za sauti iliyobanwa vizuri ni kama MB 14 tu, bando la mtu halifi.

Studio isikutishe. Chumba chenye kabati lililojaa nguo kinatosha. Shimo la Mungu ni pazuri kwa picha na mpenzi wako, ila kwa maikrofoni upepo wake ni balaa.

Halafu kuna TCRA. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwashtua wengi kwa ada zilizozidi shilingi milioni mbili. Zilifutwa na kuwekwa mpya 2020, nazo zikarekebishwa 2022, hivyo uliza kwanza kipindi chako kinaangukia wapi, hasa kama kinagusa habari.

Sasa wewe na mwenzio. Pesa za huko zinafuata korosho: kuanzia Oktoba mifuko inacheka, ikifika Aprili kimya. Mwenye nyumba hajui msimu. Kaeni muandike miezi yote 12, nani analipa nini. Kama mwenzio ni mwalimu, mshahara wake usigeuke mtaji wa maikrofoni bila yeye kuulizwa. Ndoa changa huyumba kwa madogo kuliko hayo. Na usiache kazi mpaka mteja wa pili alipe. Wa kwanza mara nyingi ni shemeji.