Wosia wa Mzee Usifichwe Sandukuni

Msomaji, huku Gusii mzee akifa, jamaa humzika katika boma lake, kisha watoto huanza kutazamana. Nani anayo karatasi ya mzee? Mara nyingi ni mtu mmoja tu, naye huitoa siku apendayo.

Mimi ni karani wa kilimo, si wakili. Lakini wagombanao huja kwetu kuuliza habari za mipaka. Ndugu watatu wa mama wawili walitujia mwaka jana. Mmoja wao alikuwa amefungia wosia sandukuni miaka miwili. Muda huo wote hakuna aliyethubutu kuchuma chai, nayo ikawa miti.

Wengi hudhani kwamba sheria inaamuru wosia usomwe mbele ya jamaa wote, kama katika sinema. Sivyo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humtaka msimamizi aupeleke mahakamani. Ombi lake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Lakini ni mkulima gani wa Nyamira asomaye Gazeti hilo?

Basi usingoje kuitwa. Nenda kwenye masijala ya mahakama, Kisii au Nyamira, utaje jina la marehemu, uulize kama kesi ya urithi imefunguliwa. Wosia huambatanishwa na ombi. Mke au mtoto aliyeachwa bila fungu la kutosha aweza kuiomba mahakama impatie, ila afanye hivyo kabla mgawanyo haujathibitishwa. Na anayeuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria aweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000 au kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili.

Maneno ya mdomo nayo yana nguvu, yakisikiwa na mashahidi wawili na mzee akafa kabla ya miezi mitatu kupita. Akisema wakati wa kupanda wimbi, akafa baada ya mavuno, maneno hayo hayamfai mtu. Afadhali aandike, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu, kisha awaambie watoto wa kila nyumba karatasi iko wapi.

Mwezi uliopita nilimwuliza baba yangu jambo hili. Alikasirika, akaninunia siku mbili kana kwamba namtakia kifo. Siku ya tatu aliniita, akanionyesha.