Kabla hujakopa pampu kubwa, pima kimo

Vijana, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja wa huku Peramiho alinifuata. Ana nusu eka ya nyanya, mto uko chini, ukingo umesimama kama ukuta. Pampu yake ya petroli inanguruma tu, maji hayaji. Nikamwambia, bila hata kwenda kuangalia: injini hiyo ndogo, tafuta kubwa. Akakopa, akanunua. Ikanguruma zaidi. Maji hayakuja, na nyanya zilizokuwa kwenye maua zikapukutisha.

Nilipokwenda bondeni ndipo nikaona aibu. Pampu ilikaa juu ya ukingo, maji yako kama mita 9 chini yake.

Sikilizeni, pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani ya mpira wa kufyonza. Hewa ya nje, ambayo muda wote inaukandamiza uso wa mto, ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari hewa inaweza kuyabeba maji mita 10 na kidogo, basi. Mwitaliano Torricelli alilieleza hilo tangu miaka ya 1640. Sisi huku tuko juu, kama mita 1,000 hivi, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo tunabaki na mita 9 na kitu. Hapo bado hujatoa msuguano wa mpira na viungo vinavyoingiza hewa. Ukipata mita 6 au 7, shukuru. Hata ufunge injini ya lori, hewa ni ile ile.

Dawa ilikuwa jembe na sururu. Alichonga ngazi kwenye ukingo, akaishusha ile pampu ndogo ya kwanza mpaka ikabaki mita 3 juu ya maji. Ikapandisha! Maana kusukuma ni kazi ya pampu yenyewe, haitegemei hewa ya nje. Kwa hiyo ukisoma kwenye kibao "mita 30", usidhani itafyonza mita 30. Hiyo ni jumla ya kimo chote. Kimo cha kufyonza huandikwa peke yake, na muuzaji ni nadra kukuonyesha. (Masika yakikaribia ipandishe juu, mto usije ukaondoka nayo.)

Jambo la pili ni matanki. Naona mtu kaweka tanki la lita 5,000 kwenye tofali tatu, halafu analalamika kwamba mistari ya mwisho ya matone haipati maji. Presha, au kanieneo kama mlivyosoma shuleni, haijali tanki ni nene kiasi gani. Inajali maji yamesimama juu kiasi gani kutoka kwenye tundu. Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1; mita moja ni sehemu ya kumi tu ya hiyo. Tanki la lita 1,000 kwenye jukwaa la mita 3 litasukuma vizuri kuliko lile la lita 5,000 lililokaa chini. Tena lita 1,000 ni tani moja, jukwaa lake la miti imara fundi wa kijijini analimudu. Tani 5 juu ya miti, hapana jamani, litaua mtu. Na kama shamba lako lina mteremko, jukwaa la nini? Weka tanki kichwani mwa shamba. Masista wa Chipole wanafua umeme kule Tulila kwa maji ya Ruvuma yanayoteremka, wewe unashindwa kumwagilia kabichi?

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda. Vikundi vya vijana vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri vinaandika bei ya pampu, aina ya pampu, hata rangi. Kimo kutoka majini hadi shambani hakimo. Mimi nasema andiko la pampu lisilo na kimo lirudishwe. Mtasema urasimu. Lakini deni la pampu isiyopandisha maji linalipwa vilevile kila mwezi, na wanalilipa wanakikundi, halilipwi na bwana shamba aliyeshauri akiwa amekaa ofisini.

Kupima hakuna gharama. Ule mpira mweupe wa levo wanaoutumia mafundi wa nyumba, ujaze maji, toa mapovu yote, panda nao ukingo hatua kwa hatua kwa kijiti chenye alama. Maji ya ncha mbili hulingana siku zote. Jumlisha hatua zako, andika.

Mpira ninao, mita 20. Anayetaka kupima bondeni kwake anitafute kabla ya Juni, maana kiangazi kikianza kila mtu anautaka siku moja.