Mwalimu wa Riadha Naye ni Mfanyakazi

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu tu katika mia za sekunde. Taifa zima lilishangilia. Sasa shangwe zimetulia, na hapana budi tujiulize: Simbu wa pili na wa tatu wanaandaliwa wapi, na ni nani anayelipwa mshahara kwa kazi ya kuwaandaa?

Swali hili twalielekeza hasa Shinyanga na Geita. Nchi hiyo ina almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Ina pia vijana ambao tangu utotoni wamefuata ng'ombe na kwenda shule kwa miguu. Miguu ipo. Mwenye kuiongoza ndiye haba.

Ushahidi hauko mbali. Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, kando ya ziwa lile lile linaloipakana Geita. Alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, alikokuwa akifundisha mwalimu Ted Banks. Akiwa chuoni hapo alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani katika meta 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 mjini Moscow alipata medali ya fedha katika meta 5,000. Hiyo, pamoja na ya Filbert Bayi katika michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki mpaka leo.

Wako watakaosema kwamba Wamarekani wana hali ya hewa bora. Haya na tuitazame El Paso. Ni mji mkavu wa jangwani, juu ya usawa wa bahari kwa meta elfu moja na ushei, kama ilivyo Shinyanga. Hewa, basi, siyo iliyoushinda ulimwengu. El Paso palikuwa na mtu ambaye kazi yake, tangu asubuhi hadi jioni, ilikuwa kufundisha mbio: kupanga wiki za kazi nzito na wiki za kupumzika, kumzuia kijana asikimbie akiwa na jeraha, na kuhakikisha nguvu zake zinafika kileleni siku ya mashindano, si mwezi mmoja kabla.

Nyambui mwenyewe baadaye akawa mwalimu wa riadha, na ujuzi wake ukafika hadi Brunei, barani Asia. Hatumlaumu hata kidogo. Fundi hufuata mahali penye kazi. Lawama ni juu yetu sisi tusioitengeneza kazi hiyo nyumbani.

Majirani zetu wa Kenya walipata somo hili mapema. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mtaalamu wa riadha, bali alijifunza kwa kuwatazama vijana wake. Peter Rono wa shule hiyo alishinda meta 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Na David Rudisha, aliyefunzwa na Bruda huyo, alivunja rekodi ya dunia ya meta 800 mjini London mwaka 2012. Kati ya kufika kwake na rekodi hiyo ilipita miaka 36. Mwalimu huyo hakuhamishwahamishwa.

Kwetu riadha hukabidhiwa mwalimu mwenye vipindi tele vya darasani, naye huifanya jioni, kwa hisani. Michezo ya shule ikikaribia anaitwa, ikiisha anasahauliwa. Akihamishwa, daftari la muda wa wanafunzi wake huondoka naye. Mfanyakazi gani mwingine twamtaka afanye kazi ya ufundi bila ujira wala zana?

Tutajibiwa kwamba zahanati, maji na madawati vitangulie. Ni kweli, navyo vitangulie. Lakini tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, kila mgodi wapaswa kila mwaka kupanga pamoja na halmashauri namna ya kuwanufaisha wananchi. Mshahara wa mwalimu mmoja wa riadha ni kitu kidogo katika mpango wa namna hiyo. Na tukumbuke Buzwagi, mgodi uliofungwa mwaka 2021. Dhahabu huisha, ujuzi uliotiwa ndani ya watu hurithiwa.

Kwa hiyo twazitaka halmashauri za Geita, Kahama na Shinyanga, pamoja na vyuo vya ualimu vya kanda hiyo, ziweke nafasi ya mwalimu wa riadha yenye mshahara, uwanja na saa ya kupimia muda, na zimwache mwenye nafasi hiyo mahali pamoja kwa muda usiopungua miaka kumi. Wanachama na wafanyakazi walioko huko waliulize jambo hili katika vikao vya bajeti, wala wasikubali kuambiwa kwamba vipaji hujitokeza vyenyewe. Talanta iliyofukiwa ardhini haimfaidii mwenyewe wala taifa lake.