Riveti zilikataa kushika, nikamlaumu mwanangu

Mzazi mwenzangu, mambo ya Januari unayajua. Ada, sare, godoro, ndoo, na kwa mtoto anayekwenda bweni, tranka. Mwaka huu mwanangu wa pili anaanza kidato cha kwanza, na badala ya kununua tranka jipya tuliamua kulifufua lile la dada yake. Bati lake bado zima, ila bawaba zilikuwa zimeng'oka na sehemu ya kutia kufuli inaning'inia.

Jumamosi asubuhi nikamwita kijana uani: "Njoo, hii kazi tunaifanya wenyewe." Nina mashine ya mkono ya kupigia riveti, ile yenye mikono miwili kama koleo. Riveti zake zina pini ndefu katikati. Unachomeka riveti kwenye tundu, unabana mikono, pini inavutwa, upande wa nyuma wa riveti unavimba na kushika bati, kisha pini inakatika. Nilimwambia ni kazi ya nusu saa.

Yeye akatoboa, mimi nikapiga. Riveti ya kwanza ikabaki na kichwa kilichopinda, na ncha ya pini imechomoza kama mwiba. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mashine ikawa inateleza tu juu ya pini bila kuivuta.

Nikang'aka. "Umetoboa matundu makubwa! Si nilikwambia ushike drili kwa mikono miwili?" Hakujibu. Nikachukua drili mwenyewe, nikazing'oa riveti mbaya kwa hasira, na hapo matundu yakapanuka kweli. Tukarudia. Mambo yakawa yale yale.

Baada ya kimya kirefu akasema kwa sauti ya chini: "Baba, mbona pini inacheza kwenye pua ya mashine?"

Nikatazama, nikaona aibu. Mwaka jana nilifunga pua kubwa ili nipige riveti za milimita 4.8 kwenye mfereji wa maji ya mvua, na sikuibadilisha. Sasa tunapiga za 3.2. Tundu la pua lilikuwa pana mno, kwa hiyo kichwa cha riveti kilivutwa kuingia humo badala ya kukandamizwa kikalala juu ya bati. Kosa lilikuwa langu tangu mwaka jana.

Ikikutokea, kagua kwa mpangilio huu kabla hujamlaumu mtu.

Kwanza, pua. Chagua pua ndogo kuliko zote inayoruhusu pini ipite bila kulazimishwa. Mara nyingi pua za akiba zimefungwa kwenye mkono wa mashine yenyewe.

Pili, meno. Fungua sehemu ya mbele polepole, maana ndani kuna springi, na kumbuka kila kipande kilivyokaa. Utakuta vipande vidogo vyenye meno vinavyoshika pini. Vumbi la bati likijaa humo, au kipande cha pini kikikwama kama kilivyokwama kwetu, mashine huteleza. Safisha kwa mswaki wa zamani, tia tone la mafuta ya cherehani, rudisha. Meno yaliyolika hayatibiki, nunua mengine.

Tatu, tundu. Riveti ya 3.2 inataka tundu la milimita 3.3, na ya 4.0 inataka la 4.1. Likizidi hapo, riveti itacheza. Likwangue makali yaliyoachwa na drili, la sivyo bati na bawaba havitakutana, na riveti itavimbia katikati yake.

Nne, urefu. Pima unene wa bati na bawaba kwa pamoja, kisha linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye boksi la riveti. Iliyo fupi haina cha kushikia upande wa nyuma, na iliyo ndefu kupita kiasi haibani sawasawa.

Tano, mkono. Mashine isimame wima juu ya bati, uisukume mpaka kichwa cha riveti kikae kabisa, ndipo ubane. Pini isipokatika, fungua mikono yote, sukuma tena mashine ishike pini chini zaidi, ubane mara nyingine. Usiinamishe mashine ili kuivunja.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati la kutupa. Vaeni miwani ya kukinga macho nyote wawili, maana pini huruka inapokatika. Na mkimaliza, okoteni pini zote. Kwetu kuna mdogo anayetambaa, na kila kitu hukimbilia mdomoni.

Yale matundu niliyoyapanua tuliyatoboa upya kwa 4.1, tukatumia riveti za 4.0 na pua yake. Ya kwanza ilikaa safi, kichwa kimelala, hakuna mwiba. Nikaweka mashine chini nikamwambia: "Nilikulaumu bure. Kosa lilikuwa langu." Akacheka kidogo, akasema, "Basi nipe mimi nipige zilizobaki." Alipiga zote sita, na hakuharibu hata moja.

Mama yake akamalizia kwa kugandisha kitambaa ndani ya tranka, juu ya sehemu za nyuma za riveti, zisije zikachana sare.

Jioni nilibaki nikiwaza. Kijana aliona tatizo mapema kuliko mimi, lakini baada ya kufokewa alisita kusema. Angenyamaza kabisa, ningemaliza boksi zima la riveti na tranka lingeharibika. Wiki ijayo anakwenda mahali ambapo sitakuwepo kumsikiliza, na nataka akiona jambo haliko sawa awe na mazoea ya kusema, hata kwa mkubwa. Mazoea hayo hayaanzii bweni, mzazi mwenzangu. Yanaanzia hapa uani, siku ambayo mkubwa amekosea.

Tukutane wiki ijayo.