Mji wa Magari Wajifunza Kutembea

Mzazi ajaye kututembelea huku Virginia aghalabu hupatwa na mshangao mmoja: duka analiona kwa macho yake, ng'ambo ya barabara, wala hana njia ya kulifikia kwa miguu. Kule Mji Mkongwe au Mombasa duka li chini, makazi yako juu, na mzee hamsubiri mwanawe atoke kazini ndipo apate kununua limau.

Tysons haikujengwa hivyo. Jumba kubwa la maduka lilifunguliwa mwaka 1968 kwenye njia panda ya mashambani, zikafuata ofisi. Kufikia mwaka 2010 palikuwa na ajira zaidi ya 100,000, ilhali wakazi hawakutimia 20,000. Nafasi za kuegesha magari zilizidi hata idadi ya wafanyakazi! Jioni watu walitawanyika, kila mmoja na gari lake.

Mwaka huohuo Kaunti ya Fairfax ilipitisha mpango wa kupageuza pawe mji hasa: wakazi 100,000 ifikapo mwaka 2050, robo tatu ya ujenzi mpya karibu na stesheni za treni, viwanja vikubwa vikatwe kwa mitaa midogo, na maduka yakae chini ya makazi. Treni ilifika Julai 2014, stesheni nne kwa mpigo. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 26,000 na ushei.

Treni ni neema, sikatai. Lakini shuka stesheni utazame chini: barabara ni zilezile, pana kama mto. Kujenga ghorofa kumeonekana kuwa rahisi kuliko kuzipunguza njia za magari.

Na ghorofa hizo ni za nani? Mpango wa mwaka 2010 ulitaka nyumba 20 katika kila 100 mpya zitengewe watu wa kipato cha chini na cha kati. Anayetafuta nyumba aulize waziwazi kama jengo lina fungu hilo, asingoje kuambiwa.

Tena, vikao vya kaunti vya kusikiliza maoni viko wazi kwa wakazi. Mawakili wa wajenzi hawakosi kuhudhuria. Sisi je? Twende tukaulize japo jambo moja dogo: taa ya kuvukia barabara humpa mama mwenye fimbo sekunde ngapi?