MGENI ALIYE LANGONI SI ADUI WETU



Katika mikutano ya matawi kuna neno moja linalorudiwa mara kwa mara. Wanachama wasema kwamba watu wanaotoka mbali kuja kutafuta kazi ndio wanaotuharibia mishahara. Husimama langoni alfajiri, hukubali shilingi zo zote wanazopewa, na tajiri akiwaona wengi hivyo hutuambia sisi tulio ndani, "Kama hamtaki, wako wanaotaka." Wengine wameomba Chama kiwaambie wenye kazi wasimwandike mtu ye yote asiye mwenyeji wa hapa.

Jambo hili si dogo, wala hatutaki kulijibu kwa kuwakemea wanachama. Mtu anayeogopa kupoteza chakula cha watoto wake ana haki ya kusema hofu yake mbele ya wenzake. Lakini twataka tulitazame vizuri kabla ya kupiga kura, maana watu wakimshika asiye mwizi, mwizi mwenyewe hupita katikati yao akienda zake.

Kwanza tumjue mgeni huyu ni nani. Huyu ni kijana wa Kakamega au Kitui aliyegawiwa shamba lisilotosha hata mahindi ya miezi minne. Huyu ni mama aliyemfuata mumewe aliyehamishwa kikazi, akaacha kazi yake mwenyewe huko alikotoka. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma ambaye karakana yake ilifungwa. Huyu ni mfugaji wa kaskazini ambaye mifugo yake iliisha katika ukame ulioanza mwaka 2020. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda basi la usiku kwa nia ya kumpunguzia mtu wa Changamwe au wa Industrial Area mshahara wake.

Tena tujue yanayompata akifika. Nauli imekwisha kula akiba. Analala kwa ndugu, katika chumba kimoja chenye watu watano, na mwezi wa kwanza ukipita ndugu huyo huanza kunyamaza wakati wa chakula. Anaambiwa alete kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, namba ya kodi, na barua ya mtu anayemjua. Hayo matatu ya kwanza aweza kuyatafuta kwa fedha na miguu. La nne hana. Na hapo ndipo penye shida yake yote. Fundi yule alipokuwa kwao alijulikana kwa miaka kumi; mtu akitaka mlango wa chuma alielekezwa kwake. Amehama, mikono yake ni ile ile na ujuzi wake ni ule ule, lakini hapa hakuna awezaye kusema, "Namjua huyu." Mtu akihama hapotezi ufundi wake, hupoteza wanaomfahamu. Na katika miji yetu kazi nyingi hupatikana kwa kujuana kuliko kwa tangazo.

Basi kwa kuwa mgeni hana wa kumjua, amepatikana wa kumuuzia kujulikana. Huyo ndiye dalali wa langoni. Kila mfanya kazi wa kiwandani au wa magodauni amemwona. Huchukua kitu kidogo kabla mtu hajaingia, au hukata sehemu ya malipo ya kila siku mtu akiisha ingia. Kwa wanawake mara nyingine hutaka jambo jingine ambalo ni uovu na ni kosa la jinai. Wala tusijidanganye kwamba dalali huyo hutoka mbinguni. Ni msimamizi, ni askari wa geti, ni karani wa kuandika watu, na katika sehemu nyingine ni mtu mwenye kadi ya chama mfukoni. Anayelipa hongo ili aingie hawezi kudai mshahara wa haki, maana aliyemwingiza aweza kumtoa kesho asubuhi. Mgeni hukubali fedha kidogo kwa sababu ameingia akiwa amefungwa mdomo.

Na nani anafaidika? Dalali anapata chai yake, lakini faida kubwa ni ya tajiri. Yeye hupata kibarua wa kutwa ambaye hamwandikii barua, hampi likizo, na hamjui kwa jina. Ikikaribia siku ambayo sheria itamhesabu kibarua huyo kuwa mtu wa mwezi, humpumzisha kwa siku chache, kisha humwandika upya, au humhamishia katika vitabu vya kampuni nyingine ya kukodisha watu. Watu hao hufanya kazi ile ile, katika mashine ile ile, bega kwa bega na sisi, kwa malipo nusu ya yetu. Siku moja tajiri huuliza kwa nini atulipe sisi zaidi. Hiyo ndiyo njia ambayo mishahara yetu huharibiwa. Haiharibiwi na basi la kutoka bara.

Sheria iko wazi, na twaomba kila mwanachama aijue ili amwambie mwenziwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku zinazofululiza ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, mkataba wake uhesabiwe kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Hapo hawezi tena kuambiwa jioni kwamba asirudi kesho; ana haki ya notisi ya siku 28. Akifululiza miezi miwili au zaidi, apate masharti yale yale ambayo angepata kama asingeanza kwa ukibarua. Kifungu cha 5 chakataza kumbagua mtu kwa kabila, lugha, dini, au kuwa mwanamke, na chamlinda hata yule anayeomba kazi ambaye hajaandikwa bado. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yahesabu hongo kuwa kosa hata ndani ya kampuni ya mtu binafsi. Na Katiba ya 2010, ibara ya 39, yampa kila raia haki ya kukaa mahali po pote katika Kenya. Kwa hiyo Chama kikisema wageni wasiandikwe, kitakuwa kimesimama upande wa kuvunja sheria, na mwenye kazi atakuwa wa kwanza kutushitaki.

Tutazame pia tulikotoka. Mahali palipo Nairobi reli ilifika mwaka 1899, na mji wote ulijengwa na watu waliohamia. Bandari ya Mombasa ilipakua meli kwa mikono ya wenyeji wa pwani pamoja na watu waliotoka bara na ng'ambo. Wakati wa ukoloni mhamiaji alivishwa kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915. Humo mliandikwa kazi aliyoiacha na mshahara aliokuwa akipata, ili asiweze kwenda mahali pengine kutafuta nafuu. Mabwana wa wakati ule walijua jambo ambalo sisi twaelekea kulisahau: mfanya kazi asiyeweza kuhama kwa hiari ni rahisi kumlipa kidogo.

Tena mishahara ya wakati ule ilihesabiwa kana kwamba kila mtu ni mseja, na mke na watoto watalishwa na shamba la nyumbani. Kamati ya Carpenter iliyotoa taarifa yake mwaka 1954 ilikiri kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi jamaa, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua. Lakini kabla ya kamati hiyo wafanya kazi wenyewe walikuwa wamekwisha sema. Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandari, watu wa reli, na watumishi wa nyumbani waligoma pamoja, na kiongozi aliyetokea kati yao alikuwa Chege Kibachia, mtu wa bara. Wenyeji na wageni walikaa uwanja mmoja. Kama siku ile wangeulizana kwanza kila mtu kwao ni wapi, mgomo ungekufa asubuhi ile ile.

Liko na funzo jingine, nalo latuhusu sisi vyama. Mwaka 1964 Serikali, wenye kazi na vyama vilipatana. Wenye kazi binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, Serikali iongeze kwa asilimia 15, na vyama viache kugoma na kudai nyongeza kwa mwaka mmoja. Waliojiandikisha kutafuta kazi walizidi 200,000. Habari za kazi zilipoenea mashambani, watu wengi walikuja mjini kuliko nafasi zilizokuwako, na foleni ikabaki. Mwaka 1970 wataalamu wawili, John Harris na Michael Todaro, waliandika kueleza jambo hilo: mtu huhama kwa kupima mshahara wa mjini pamoja na bahati ya kuupata, kwa hiyo nafasi zikiongezwa mjini peke yake foleni nayo huongezeka. Maana yake kwetu ni kwamba foleni ya langoni haitamalizwa kwa kufukuza watu, wala kwa ahadi ya mwaka mmoja. Itapungua shamba likilipa na miji midogo ikipata kazi. Hayo twapaswa kuyadai kwa Serikali kuu na kwa kaunti kwa sauti ile ile tunayodai mishahara.

Najua wako watakaosema, na hasa ndugu zetu wa pwani, kwamba wao wamekuwa wageni katika nyumba yao wenyewe. Wamepoteza ardhi, kisha wameona kazi za bandari na za viwanda zikigawiwa na mabwana wanaoita watu wa kwao. Lalamiko hilo ni la kweli wala hatulipuuzi. Lakini lisomeni vizuri: linamlalamikia anayegawa kazi kwa siri. Kijana wa Likoni asiye na mjomba ofisini na kijana wa Bungoma asiye na mjomba ofisini wamesimama katika foleni moja, na wote wawili wanapitwa na yule aliyelipa. Dawa ya wote wawili ni moja, nayo ni kazi kutangazwa hadharani na watu kuandikwa kwa orodha inayoonekana.

Basi twatoa mashauri haya, na twaomba matawi yayajadili katika mkutano ujao.

Kwanza, mwanachama ye yote asiuze lango. Ikithibitika kwamba mwenye kadi yetu amechukua fedha ili mtu aandikwe, tawi limwite na kumhukumu kwa katiba ya Chama. Hatuwezi kumnyoshea tajiri kidole chenye mafuta.

Pili, wawakilishi wetu viwandani wadai orodha ya vibarua. Aliyefanya kazi jana na juzi aitwe kwa zamu yake, na mpya aongezwe chini kwa jina na tarehe. Jambo hili si ndoto. Katika miaka ya 1950 bandari ya Mombasa iliacha desturi ya kuokota watu wa siku ikaweka makuli walioandikishwa, na kuli aliyeandikishwa aliweza kukijua kesho chake.

Tatu, kila tawi libandike ukutani, kwa Kiswahili, viwango vya mishahara vilivyowekwa na Serikali kwa mji huu. Anayetoka mashambani huvijua vya huko, navyo ni vidogo kuliko vya miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Akipewa kidogo hudhani amepewa kingi. Kumwambia kweli hakutugharimu kitu, na kunalinda mshahara wetu kuliko azimio lo lote.

Nne, kibarua afundishwe kuandika siku zake. Daftari la shule lenye tarehe, saa, jina la msimamizi na fedha alizolipwa latosha kuanza. Wengi wameshindwa mbele ya Afisa wa Kazi kwa sababu hawakuwa na cho chote cha kuonyesha.

Tano, tuwaandikishe katika Chama mapema. Wako wanaongoja mgeni apate kazi ya kudumu kwanza, na hao ndio hulia kwamba vibarua walivunja mgomo. Mtu usiyemwita wakati wa shibe hatakuitikia wakati wa njaa.

Na wewe ndugu mgeni unayesomewa gazeti hili na mwenzio, twakuambia mawili. Usiache kwenu kwa neno la dalali peke yake. Uliza mtu aliyeko, uliza kazi ni ya siku ngapi na kodi ya chumba ni kiasi gani. Na ukiisha fika, njoo ofisi ya Chama kabla hujatoa shilingi moja langoni. Hatukuahidi kazi, maana hatuna kazi ya kugawa. Twakuahidi kukuambia kweli juu ya mshahara, na kusimama nawe ukidhulumiwa.

Kura itakapopigwa, kila mmoja akumbuke jambo moja. Watoto wetu nao watahama. Wengine wamekwisha kwenda Athi River, Naivasha, hata Uarabuni, na huko wamesimama katika lango la mtu mwingine wakitazamwa kama tunavyowatazama hawa. Sheria tutakayoitunga hapa ndiyo tutakayotaka wao watungiwe huko.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri