Kinywa cha Mgonjwa na Usaha wa Mapafuni

Miongoni mwa maradhi ya kifua liko moja lisilotajwa sana, nalo ni jipu la mapafu, litokanalo na bakteria waishio pasipo oksijeni, ambao aghalabu mgonjwa hawapati kwa kikohozi cha jirani, kwani wamo siku zote kinywani mwake mwenyewe, baina ya jino na ufizi. Louis Pasteur wa Ufaransa alibainisha mwaka 1861 kwamba wako viumbe wadogo wa namna hiyo. Na katika miaka ya 1920 tabibu wa Marekani, David Smith, alipoona kuwa vijidudu vya majipu ya mapafu vyafanana na vya fizi zenye maradhi, aliwatia wanyama uchafu wa fizi hizo katika njia ya pumzi, nao wakafanya majipu kama hayo.

Mtu aliye macho akipaliwa na mate hukohoa, yakatoka. Lakini mlevi aliyezimia, mwenye kifafa aliyeanguka, na mgonjwa wa kiharusi aliyepooza koo, hao kinga hiyo hawanayo. Mate na matapishi huwashukia mapafuni, na zaidi upande wa kulia, kwa kuwa njia ya pumzi ya upande huo ni pana na imenyooka kuliko ya kushoto. Baada ya siku kadhaa au majuma, nyama ya pafu huoza, na makohozi hutoka yakiwa na uvundo ambao mgonjwa, kwa haya, huenda akauficha hata mbele ya tabibu.

Linalonisikitisha ni wepesi wetu wa kuhukumu. Mtu akikohoa muda mrefu, akakonda, akatoka jasho usiku, na picha ya kifua ikaonyesha tundu, humdhania kifua kikuu, na dhana hiyo ina haki yake katika nchi zetu. Lakini makohozi yakipimwa visionekane vimelea vya kifua kikuu, tena yakawa yananuka, kumpa dawa za kifua kikuu miezi 6 pasipo kumtazama meno wala kumwuliza habari za pombe na kifafa ni kumdhulumu, ilhali viuavijasumu vinavyofaa, akivitumia majuma kadhaa bila kukatiza, aghalabu humponya pasipo kupasuliwa.

Na majumbani mwetu huruma yenyewe huleta madhara. Mzee mwenye kiharusi hulazwa chali akanyweshwa uji, jamaa wakaridhika kuwa amekula, kumbe sehemu ya uji imeteremka pafuni; aliyeanguka kifafa hutiwa maji au kijiko kinywani, jambo la hatari kubwa. Asiye na fahamu asilishwe kwa kinywa kabisa. Mwenye fahamu aketishwe wima, alishwe kidogo kidogo. Aliyeanguka kifafa alazwe ubavu.

Matabibu wamekwisha kuona kwamba asiye na jino hata moja hupatwa na jipu hili kwa nadra, na hiyo ni hoja ya kutosha juu ya usafi wa meno. Hata hivyo, wodini kinywa cha asiyejiweza huachiwa jamaa, nao hudhani kuwa asiyekula hana haja ya mswaki, ambapo kinywa kikavu ndicho kichafukacho upesi. Nawasihi wakuu wa hospitali zetu waliandike jambo hili katika kazi za kila siku za wauguzi, pamoja na sindano na kupima homa, na jamaa wafundishwe kabla ya kumrudisha mgonjwa wao nyumbani.